Namba Unayopiga Haipatikani

Mwalimu Ntakije, nimeelewa.
Nimechelewa miaka kumi na mmoja, najua.
Treni ya Mpanda nayo huchelewa, na watu hupanda.

Ulianza na mzinga wa nyuki, unakumbuka?
Ule wa gome la mtundu, uliubeba begani toka Isevya
ungali unanuka moshi.
Ukazungusha uzi mdomoni mwake, ukaunyoosha,
ukaupima kwa upana wa mdomo uleule:
mara tatu, na kipande.
Kipande ukakitafutia jina. Sehemu ya saba, karibu.
"Karibu," ulisema, "lakini hatujakaribishwa."
Mzinga na mzingo! Ukacheka peke yako,
sisi tukinakili tarakimu
kama wahesabu siafu: wa mwisho hajatoka shimoni,
na msafara haurudii mpangilio.

Kisha dirisha la bweni, mninga, mita kwa mita.
Fundi Kasubi alitaka ubao wa kukinga kona kwa kona.
Moja nukta nne moja, mfupi.
Moja nukta nne mbili, mrefu.
"Acha futi yako," akasema, akaulaza ubao wenyewe,
akauchora kwa msumari.
Urefu ulikuwepo.
Sehemu ya kuutaja ndiyo haikuwepo.

Hayo niliyameza. Kama ugali wa moto, ila niliyameza.

Kilichonikaba ni kipeuo cha pili cha hasi moja.
Chanya kwa chanya, chanya. Hasi kwa hasi, chanya.
Sasa ni nani huyo ajizidishe mwenyewe
azae deni?
"Namba ya kufikirika," uliandika ubaoni.
Nami pembeni mwa daftari nikaandika: uongo wenye cheti.
Nikapata F. Ilisimama mbele yangu
kama mkono wa ishara uliofunga njia.

Sasa niko karakana ya reli. Nina ovaroli mbili.
Juzi usiku iliingia injini, uso wake Itigi,
ikatakiwa igeuzwe irudi Kigoma.
Mimi na Nkwabi tukaegemea mkono wa sahani,
chuma kikalalamika, tukasukuma,
tukafika robo ya mzunguko,
Nkwabi akasema, ngoja nifunge kamba ya kiatu.

Basi injini ikabaki hapo, inatazama Mwanza.
Si Itigi ilikotoka kutazama,
si Kigoma inakotakiwa.
Haikuwa chanya, haikuwa hasi.
Tani themanini za kitu cha kufikirika
zikinidondoshea dizeli kwenye buti.

Mara moja, pembeni, nikasema.
Mara mbili, kinyume.
"Unaongea na nani?"
"Sukuma, Nkwabi."
Tukasukuma robo ya pili, ileile, kwa mikono ileile,
taa ikaimulika njia ya Kigoma.
Hasi moja, Mwalimu!
Imezaliwa na robo mbili
na hakuna robo iliyokuwa uongo.

Alfajiri nikahesabu njia ya kwangu:
hatua mia tatu nikifuata reli ya Itigi,
kisha mia nne pembeni, upande wa Mwanza.
Ukinipa mia tatu peke yake nitalala relini.
Ukinipa mia nne peke yake nitagonga mlango wa watu.
Nyumba yangu ni namba moja yenye miguu miwili,
changamano, bati limeliwa na kutu.
(Mbwa wa jirani hakati kona. Yeye hupita katikati,
mia tano kamili, na hajawahi kufanya mtihani.)

Nikatafuta daftari lile. Nyuma yake, mwandiko wako,
tarakimu kumi. Wanasema ulihamishiwa Kaliua,
wengine Kasulu, kwenu.
Nikapiga.
Yule dada asiyezeeka akaomba samahani,
namba ninayopiga haipatikani kwa sasa.

Nikacheka peke yangu, kama wewe na mzinga wako.

Haipatikani, sawa.
Hakusema haipo.